Karatasi ya Jumamosi

Katika shule yetu ya bweni, kilimani juu ya mto Saale, mwanafunzi Myahudi kama mimi alihudhuria masomo ya Jumamosi ila hakuandika, kwa kuwa kwetu kuandika siku ya Sabato ni mwiko. Ruhusa hiyo ilikuwa ya kale kuliko walimu wote. Nilisikiliza, nikajibu kwa mdomo, na Sabato ikishakwisha Detlev, jirani yangu wa kitanda, alinipa daftari lake ninakili.

Mwaka 1934 Jumamosi ikatolewa kwa Vijana wa Hitler, chama kisichopokea Myahudi. Wenzangu wakaenda gwaride. Darasani nikabaki peke yangu, mwenye miaka kumi na mitatu, mbele ya Dokta Wendlandt, mwalimu wa Kilatini, aliyetufundisha kwamba ahadi ya mwanafunzi wa shule ile haivunjwi.

Jumamosi moja ya Desemba aliniwekea karatasi mezani.

“Andika, Lilienthal. Ruhusa imefutwa. Usipoandika, unaondoka na treni ya saa sita.”

“Bwana Dokta, niulize kwa mdomo. Nitajibu yote.”

“Sikukuuliza unajua nini. Nimesema andika.”

“Nilimwahidi babu yangu kabla hajafa.”

Akageukia dirisha. Vidole vyake viligonga kioo bila kukoma.

“Mstari mmoja tu, kijana. Mkuu wa shule anataka kuona wino, basi.”

Mkono wangu ulianza kuiendea kalamu wenyewe. Nikaukalia.

Saa sita nilikuwa langoni, na sanduku langu bawabu alikwisha kulitoa nje. Lakini siku ya Sabato hatupandi treni. Ikapiga honi bondeni, ikaenda zake. Bawabu alikuja mara tatu kuniambia kwamba lango si kituo. Nilikaa, nikasimama, nikazunguka sanduku, nikakaa tena.

Saa tisa wenzangu wakarudi wakiimba.

“Bado upo, Lilienthal? Treni imekukataa?” Detlev alipaza sauti ili wote wasikie.

“Nimeikataa mimi.”

“Lo! Mfalme Sulemani anangoja gari lake!”

Wakaangua kicheko. Detlev alicheka kuwashinda wote, ila hakunitazama.

Nyota ya tatu ilipotokea, Sabato ilikwisha. Nikalibeba sanduku mwenyewe. Treni ya mwisho ilikuwa saa kumi na mbili, na kituo hakikuwa karibu. Moyo ulitaka kukimbia. Nilitembea kwa hatua ndefu, mgongo wima, kwa maana nilijua kwamba madirishani wenzangu walikuwa wakinitazama.