Mota Iliyotaka Kuamkiwa

Jumanne, saa nne asubuhi, Ojuok alimaliza kufunga mota ya skuta ya umeme kwenye gurudumu la nyuma la baiskeli, pale kwenye karakana yake Igoma. Fremu ilikuwa ya baiskeli ya kubebea maziwa. Betri aliifunga chini ya keria kwa mipira ya tairi, nyaya akazizungushia selotepu nyeusi. Skuta alipewa bure na Mama Jasuben, mjane mwenye duka la vitambaa mjini, ambaye magoti yalikuwa yamemgomea. Ojuok akawasha swichi, na taa nne za betri zikawaka. Akazungusha mpini. Kimya.

"Mambo vipi, mtambo?" akasema, akiipigapiga. Taa zote zikazima.

Alikagua nyaya mara mbili, hazikuwa na tatizo. Akampigia simu Mama Jasuben.

"Umeiamkia?" mama akauliza.

"Niamkie nini, mama?"

"Hiyo mota ni mtu mzima, Ojuok. Ina miaka sabini na mbili. Unaiambiaje mambo vipi? Hata aibu huna!"

Skuta yenyewe ilitoka kiwandani mwaka 2011, lakini mota ilikuwa na miaka sabini na mbili. Vitu vya kuagiza nje ndivyo vilivyo. Ojuok akainama kidogo. "Shikamoo."

"Marahaba," mota ikajibu, na taa zikawaka. Ilimfikisha nyumbani Ilemela bila kukanyaga pedeli hata mara moja, naye akaimba njia nzima, vibaya sana.

Hakuwa anatengeneza kitu cha kuchezea. Mke wake, Akumu, alikuwa na mimba ya miezi minane, na zahanati yao ilijengwa juu kabisa ya kilima, katikati ya mawe, kwa maelezo kwamba barabara ingefuata. Mwaka wa sita huo, barabara haijafuata. Kuna kinjia tu. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa kwenye kinjia hicho, kona ya jiwe kubwa, akalia mara moja, basi. Ojuok alikuwa ameapa kwamba huyu wa pili angezaliwa kitandani.

Alipoijaribu, akaona kazi iliyopo. Kwenye tambarare shikamoo moja ilitosha safari nzima, lakini kilimani iliisha baada ya hatua hamsini. Na yeye mwenyewe hakuweza kuirudia, maana mtu mzima ukimwamkia mara ya pili siku hiyohiyo anajua unamtania. Alijaribu hivyo, mota ikanuna mpaka kesho yake. Ikabidi apite nyumba kwa nyumba kuomba kila jirani asimame mlangoni siku hiyo ikifika, aamkie mara moja, kwa heshima. Wote wakakubali. Nani angekataa kitu kama hicho?

Tatizo lilikuwa Bibi Wilhelmina, mwenye miaka themanini na minne. Kwake mota ndiyo iliyoamkia, na kila ilipoamkia, taa moja ilizima. Wakamwomba akae ndani.

"Nijifiche kwa ajili ya baiskeli?" akasema. "Nyumbani kwangu? Thubutu!"

Alhamisi ya wiki ya tatu, saa tisa alasiri, uchungu ukamshika Akumu. Ojuok akamkalisha kwenye keria juu ya mto, simu zikatangulia. Watu wakamwagika milangoni, fundi cherehani na tepu yake shingoni, wanafunzi na madaftari, mchungaji na taulo kiunoni. "Shikamoo!" "Marahaba!" "Shikamoo!" "Marahaba!" Kilima kizima kikawa na shangwe za harusi, na Akumu, katikati ya uchungu na uchungu, akacheka mpaka akazishika mbavu za mume wake. Bibi Wilhelmina alisimama mlangoni, akapokea shikamoo yake, taa moja ikazima.

Kwenye kona ya jiwe nyumba zinaisha. Taa ya mwisho ikazima hapo, zahanati ikionekana. Ojuok akashuka kusukuma, magurudumu yakawa yanarudi nyuma kwenye changarawe.

"Siyo hapa," Akumu akasema. Sasa alikuwa analia. "Ojuok, popote, siyo hapa."

"Shikamoo," ikasema sauti ndogo nyuma ya jiwe.

"Marahaba, mjukuu wangu," mota ikajibu. Taa ikawaka.

Ikaja sauti ya pili, changa zaidi. Ikaja ya tatu. Zilikuwa saba, na hakuna hata moja iliyosahau adabu.

"Huyo wa kwanza ni wetu," Akumu akasema, akijifuta machozi. "Ana sauti ya baba yako."

"Ndiyo," Ojuok akasema. Akazungusha mpini.

Binti yao alizaliwa saa kumi na moja, kitandani, anapiga kelele kweli kweli. Ojuok alimweleza nesi kuhusu wale saba. Nesi akafungua daftari lake na kumwonyesha: vifo vya watoto wachanga, sifuri. Anayefia njiani hajafika zahanati, akasema, kwa hiyo hakuna pa kumwandika.

Habari zikasambaa. Wiki iliyofuata akaja ofisa wa mipango, kijana wa miaka thelathini na minane, akapandishwa kwenye keria. Pale konani alizisikia zile sauti saba, akazihesabu kwa vidole, akaandika. Kilima kikafurahi. Sasa serikali imesikia kwa masikio yake, watu wakasema.

Barua ikaja baada ya mwezi. Ilisema kinjia kina waamkiaji wa kutosha, hata sehemu isiyo na makazi, hivyo usafiri ni wa uhakika na barabara haihitajiki tena. Bibi Wilhelmina alisomewa mara mbili, akasonya mara mbili.

Wanawake kumi na mmoja wamepanda tangu hapo, kwa vigelegele, na wote wamejifungulia kitandani. Ojuok akifika konani hupunguza mwendo, anasikiliza, anahesabu. Bado ni saba.