Gunia Bichi Juu ya Kompyuta

Mimi ni mtu wa akili nyingi. Muulize yeyote anayesoma nami pale chuoni Lodwar. Atakuambia, kisha atacheka mpaka ashike ukuta.

Nilitaka kompyuta ya gemu. Simu yangu ilishika moto kabla refa wa gemu ya mpira hajapuliza kipenga, na Ewoi, ninayeishi naye chumba kimoja, alichoka kuniona nikiipepea kwa daftari. Basi nikauza mbuzi wangu wawili nyumbani Kalemng'orok, mama akaninunia wiki nzima, nikanunua mashine kuukuu iliyotupwa na ofisi fulani, skrini ya saiba ya intaneti iliyofungwa, na kibodi isiyo na herufi R. Muhula mzima nilikula githeri bila kuuliza ndani mna nini. Nikajiita fundi.

Kilichobaki ni kadi ya picha, kile kipande kinachoifanya gemu itembee badala ya kukwamakwama. Mpya ilikuwa bei ya ngamia. Ndipo nikaenda Kakuma kwa rafiki yangu Zéphyrin, Mkongo mwenye kibanda cha kutengeneza video za harusi kule kambi ya wakimbizi. Nilimlilia saa nzima. Akafungua mashine yake mwenyewe, akachomoa kadi yake.

"Ndugu yangu, siku tatu tu," akasema. "Ujaribu, ujue kama mashine yako inaiweza. Alhamisi asubuhi iwe hapa. Bila hii, mashine yangu haionyeshi kitu, na niko na video ya harusi ya Christelle. Jumamosi anaondoka, anapelekwa Australia na bwana yake. Mama yake anabaki huku. Ijumaa lazima waione pamoja."

"Zéphyrin, mimi ni fundi," nikamwambia. Mungu alinisikia na hakunipiga radi.

Jumatatu nikaichomeka. Jamani! Wachezaji walikuwa na jasho usoni! Ewoi mwenyewe, mtu wa dharau, alivuta ndoo akaketi. Lakini Lodwar ni Lodwar. Jumatano mchana mabati yalikuwa yanalia kwa jua, feni ya mashine nayo inapiga kelele, halafu kimya. Ikajizima. Nikaiwasha, ikajizima tena.

Hapo ndipo akili zangu zikaamka. Kwetu, ukitaka maji ya mtungi yapoe, unauvika mtungi gunia, unalilowesha, unauweka penye upepo. Baada ya muda maji yanakuumiza meno. Hakuna mtoto wa Turkana asiyejua hilo. Basi nikatafuta gunia, nikalilowesha, nikalikamua kidogo, nikaivika kompyuta yangu vizuri kama mtoto mchanga.

Ewoi alisimama mlangoni. "We Ekuru, hiyo kitu ina stima."

"Nyamaza. Hii ni sayansi."

Sayansi ilidumu dakika ishirini. Tone likapenya matundu ya juu, likaangukia kadi. Pa! Harufu ya kuungua ikajaa chumba. Nikachomoa waya, nikaketi sakafuni nikalia. Kwanza nililia kwa ajili ya gemu, nisidanganye mtu. Christelle nilimkumbuka baadaye, na hapo nikaona aibu hata ya kulia.

Nilipoitoa kadi na kuiacha mashine ikauke, ikawaka. Alhamisi nikaibeba yote hadi Kakuma pamoja na kadi iliyoungua, na njia nzima nilikuwa natunga uongo.

"Ejok, fundi!" Zéphyrin akanipokea.

"Ejok," nikajibu, nikampa kadi. "Ndugu, stima ya Lodwar iliruka. Ikachoma kadi."

Aliigeuza kadi kwenye mwanga. Akachomoa uzi mmoja wa katani kwenye feni yake, akaniwekea kiganjani.

"Stima ya Lodwar iko na nyuzi?"

Nikamwambia yote. Nilitamani anitukane, ningepumua. Yeye aliketi tu, akashika kichwa. "Ekuru, yule mama nitamwambia nini?"

"Mashine yangu inaonyesha picha bila kadi," nikasema. "Polepole, lakini inaonyesha. Tuweke diski yako humu."

Tulifanya kazi siku mbili. Kobe angetupita akienda na akirudi. Zéphyrin alikata na kuunga video, mimi nikiipepea mashine kwa kipande cha katoni mpaka bega likafa ganzi. Kila penye R katika maneno ya video, tuliinakili kutoka kwa jina la faili nyingine. Gunia hakuna aliyelitaja.

Ijumaa jioni video ikawa tayari. Christelle alikuja na mama yake, Mama Immaculée, wakaketi kiti kimoja wakishikana mikono. Katikati ya ngoma kuna mahali kiatu cha bibi harusi kinamtoka, naye anacheka mpaka anainama.

"Rudisha pale," mama akasema.

Nikarudisha. Akasema tena, nikarudisha tena. Christelle alikuwa analia, mama hakulia.

Jumamosi mchana, Christelle akiwa ameshaondoka, nilianza kukunja nyaya ili nirudi Lodwar na mali yangu. Mlango ukasukumwa. Mama Immaculée akaingia peke yake, simu yake ya tochi mkononi, ile isiyoonyesha hata picha. Akaketi kwenye kile kiti, upande mmoja, akaacha nafasi.

"Mwanangu, rudisha pale anacheka."

Zéphyrin akaniangalia. Nikachomeka nyaya zote upya.

Nilimwambia Zéphyrin mashine ibaki wiki moja tu. Sasa huu ni mwezi wa tano tangu siku hiyo. Kila nikimpigia kumuuliza niijie lini, ananiambia kwa sauti ya chini, "Ngoja kwanza, mama ameketi." Basi nangoja.