Foleni ya Mtungi wa Mama Mkwe

Mimi ni fundi bomba, na foleni siipendi hata kwa dawa. Fundi bomba hapangi mstari. Anaitwa, tena mbio mbio, anapitishwa mlango wa uani huku wenye nyumba wamekunja suruali. Kwa hiyo tulipopanga safari ya kumpeleka mama mkwe kwenye jumba la makumbusho, nilijiandaa. Tiketi nilinunua kwa simu wiki nzima kabla. Nikaulizia mlango wa pembeni, ule wa wenye tiketi, ambao wengi hawaujui. Safari hii, nikasema, tutaingia kama wenye nyumba.

Sababu ya safari ilikuwa mtungi. Mama mkwe ni mfinyanzi. Zamani watu wa makumbusho walikuja kijijini kwake wakaununua mtungi wake mmoja wa maji, wakaondoka nao, na tangu hapo hajautia machoni. Mwaka huu magoti yameanza kumsumbua, akamwambia mke wangu, "Kabla sijakaa kitako moja kwa moja, nipelekeni nikamwone mwanangu." Mwanawe ndiye huo mtungi.

Tukashuka kwenye teksi. Lo! Foleni imetoka mlangoni, imeshuka ngazi, imezunguka ukuta, imempita hadi muuza maji, na jua linawaka. Nikacheka moyoni. "Mama, njoo huku. Sisi tuna mlango wetu."

Mama mkwe hakusogea. Alikuwa ameshika shavu. "Mkwe, hawa wote wamekuja kuuona mtungi wangu?"

Nikafungua mdomo. Mke wangu akanifinya ubavuni, wala si mchezo, maneno yakarudi yalikotoka. Maana bango lilikuwa pale juu, la mifupa ya mjusi wa kale aliyekuwa mrefu kuliko lori, na macho ya mama mkwe siku hizi hayafiki mbali.

"Ndiyo, Mama," akasema mke wangu bila haya.

"Basi siwezi kuwapita. Watu waje kwangu, halafu mimi niwazunguke kwa mlango wa uani? Adabu gani hiyo?"

Jamani! Akaanza kuifuata foleni kutoka mbele, mtu mmoja mmoja. "Karibuni. Poleni na jua. Asanteni kwa kuja." Watu wakaitikia, mtu mzima akikusalimu utafanyaje? Bwana mmoja mwenye kofia alivua kofia yake, akauliza kama huyu ndiye mkurugenzi. Hivyo hivyo mpaka mwisho, na huko mwisho ndiko tukasimama, tiketi zangu za haraka zikiloa jasho mfukoni. Nilichemka. Nikamnong'oneza mke wangu kwamba mama yake atanitoa roho.

"Subira huvuta heri, baba watoto."

"Heri yenyewe iko upande wa pili wa ukuta, tena kivulini!"

Lakini hasira ilikuwa nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa hofu. Humo ndani angeona kila mtu anakimbilia mifupa, na mtungi wake umesimama peke yake kama yatima. Msinione nafoka hivi, yule mama nampenda.

Tulipoingia, kweli, umati wote ukageukia mkono wa kulia, kwenye mifupa ya mjusi. Mama mkwe akauliza wanakwenda wapi. "Wanazungukia huko, Mama," mke wangu akajibu. Mimi nikamuuliza mlinzi mtungi uko wapi.

"Ukumbi wa mwisho, pale chooni," akasema, kwa sauti ya mnadani.

Tukakata kona, nami sikuamini macho yangu. Mbele ya kabati la kioo lenye mtungi kulikuwa na foleni! Watu wamesimama kimya, nyuso nzito, macho mbele. Mlango wa choo ulikuwa hapo hapo pembeni.

Mama mkwe akaweka kiganja kwenye kioo. "Hujazeeka hata kidogo," akauambia mtungi. "Mimi je?" Kisha akawageukia watu, akawaeleza udongo ulichimbwa wapi, shingo aliivuta vipi, na mvua ilivyotaka kumharibia siku ya kuchoma. Wakasikiliza, wangekimbilia wapi? Dada mmoja alisikiliza huku amebana magoti.

Alipomaliza akanivuta kando. "Mkwe, wewe uongo huuwezi. Mwenzio anauweza. Niambie, hawa wamekuja kwangu au wamekuja chooni?"

Mke wangu alikuwa mbali, hakuna wa kunifinya. "Chooni, Mama," nikasema, na moyo uliniuma kwelikweli. "Na wale wa nje wamekuja kuona mifupa. Nisamehe."

Akautazama mtungi, akaitazama foleni. Mabega yakaanza kumtikisika, nikajua analia, nikapapasa leso. Kumbe anacheka.

"Huo ni mtungi wa maji, Mkwe," akasema. "Kazi yake ni kunywesha watu. Sasa mtu akishakunywa, ulitaka aende wapi?"