Upepo Ndani ya Breki

Kila asubuhi, kabla mkewe hajaamka, mpimaji wa ardhi mstaafu alikuwa akitoka uani na kuliharibu gari lake kwa mikono yake mwenyewe.

Hakuliharibu sana. Alilala ubavuni mwa gurudumu la nyuma, akalegeza nati ndogo ya kutolea upepo, akainuka akakanyaga pedali ya breki mara moja, kisha akaiachia. Breki zikavuta upepo ndani, zikawa laini kama mkate uliolowa chai. Akakaza nati, akafuta mikono, akaingia jikoni kuinjika chai kana kwamba hakuna alilolifanya.

Wanaojua magari wangesema mzee ana wazimu. Upepo hutolewa kwenye breki, hautiwi. Waseme watakavyo, maneno hayalipiwi kodi. Gari lenyewe lilikuwa la zamani, la tangu siku za uchumba wao, na yeye na mkewe walilipa jina la Shangazi kwa sababu lilikwenda lilipopenda na kunung'unika njia nzima. Tangu astaafu alikuwa akilitengeneza pale pale uani, kiungo kwa kiungo. Injini aliifungua akaifunga. Kabureta aliisafisha kwa mswaki. Viti alivishona upya kwa sindano ya magunia, na kutu aliikwangua mpaka bega likawa halinyanyuki. Zilibaki breki tu, na hizo hakutaka zipone.

Sasa, breki za gari kama lile si kazi ya mtu mmoja. Mmoja hukaa penye usukani, mwingine hulala chini na spana. Wa chini husema, "Kanyaga!" Wa juu hukanyaga, hukanyaga tena, mpaka pedali iwe ngumu, halafu huishikilia na kujibu, "Nimeshikilia!" Hapo wa chini hufungua nati, mafuta yakatoka na mapovu yake kupitia mpira hadi ndani ya chupa, akaikaza tena, ndipo akasema, "Achia!" Wa juu akiachia mapema, upepo unarudi wote na kazi inaanza moja. Ni kazi ya kuaminiana, maana wawili hawa hawaonani. Kila mmoja ana sauti ya mwenzake tu.

Tangu ujana wao, wa juu alikuwa mkewe. Alikuwa mkunga, mwanamke mwenye mikono ya nguvu na maneno ya karibu. "Wanawake niliowazalisha sina hesabu yao," alikuwa akisema huku ameng'ang'ania usukani, "lakini uchungu mrefu kama wa gari hili sijauona. Sukuma basi, baba, tumwone mtoto!" Mumewe huko chini alicheka mpaka vumbi likamwingia kinywani, kisha akamfokea ashikilie vizuri. Alikuwa mtu wa kufoka. Miaka yake yote ya kazi alisimama upande mmoja wa shamba akimpigia kelele mtu wa upande wa pili: sogea kushoto, rudi, simama hapo hapo! Kwa ajili ya ile kamba yake ya kupimia mkewe alimwita Bwana Kamba, na hakuna mwingine duniani aliyemwita hivyo.

Kisha ugonjwa wa kusahau ukaingia nyumbani. Ulianza na mambo madogo, sufuria kuungua, viatu kuwekwa kabatini pamoja na sahani, na wote wawili wakacheka, uzee huo. Baadaye wakaacha kucheka. Ugonjwa ukala majina ya majirani, ukala wajukuu, mwishowe ukamfuta na mumewe kichwani mwa mkunga. Asubuhi mkunga alipokea kikombe chake cha chai kwa adabu, akashukuru kama mtu anavyomshukuru mhudumu wa hoteli. Mzee aliyelala naye kitanda kimoja tangu ujana alisimama pale na sinia mkononi, na moyo ukamuuma kwa namna ambayo hakuna dawa ya dukani inayoituliza.

Lakini siku moja alimkalisha kwenye kiti cha dereva, kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine wa kumkanyagia. Hakutarajia kitu. Akalala chini, akasema, "Kanyaga!" Mguu una kumbukumbu gani ambayo kichwa hakina, wenye elimu watatueleza. Mkunga alikanyaga. Akakanyaga tena, akashikilia, na ile sauti yake ya zamani ikatoka dirishani: "Nimeshikilia, Bwana Kamba! Fanya upesi, mguu unakufa ganzi!"

Mzee alilia chini ya gari. Alilia vizuri, bila haraka, maana huko hakuna anayekuona. Baada ya siku chache breki zikapona, pedali ikawa ngumu kama inavyotakiwa, naye akaitazama kama mtu aliyeachishwa kazi. Kesho yake, mkewe akiwa bado usingizini, akafungua nati na kuurudisha upepo.

Binti yao, kitindamimba, aliishi mji mwingine. Yeye na baba yake walikwisha kupatana: gari likipona, mzee atampakia mkewe, watafunga nyumba na kwenda kuishi kwa binti, penye watu wa kusaidia. Hilo la gari likipona alilisema mzee mwenyewe. Basi kila jioni simu ililia.

"Baba, breki bado?"

"Bado, mwanangu. Zina upepo."

"Upepo gani huo usioisha?"

"Gari la zamani hili. Haraka haraka haina baraka."

"Baba, hapo hakuna haraka wala baraka. Unanichezea."

Alipochoka na habari za upepo, binti alipanda basi bila kumwambia mtu. Alifika asubuhi na mapema, akapitia nyuma ya nyumba na begi lake begani, akamkuta baba yake ameketi penye usukani, mlango wazi, akikanyaga pedali huku mafuta yakichuruzika kwenye nati iliyofunguliwa. Angekuwa mtoto wa nyumba nyingine, angedhani ni kazi inaendelea. Lakini huyu alikua akimshikia baba yake tochi chini ya gari hilo hilo. Alijua kinachotoa upepo na alijua kinachoutia. Njia ya mwongo ni fupi.

"Unafanya nini, Baba?"

"Natengeneza breki."

"Unaziharibu."

Mzee alishuka polepole, akaenda kukaza nati bila kumtazama. Aliikaza muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Akiwa humo ndani ananijua," alisema mwishowe. "Ananiita jina langu, mwanangu. Akishuka tu, mimi ni mtu anayeleta chai. Sasa gari likipona nitasikia wapi tena?"

Binti alikuwa amekuja na hasira ya kutosha, ameipanga njia nzima, neno kwa neno. Haikumfaa kitu. Aligeuza ndoo juu chini, akaikalia, akajifuta uso kwa upindo wa kanga yake.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kwamba baba yako mzima na mvi zake anaharibu gari kila siku ili aitwe?"

"Ndiyo. Ungesema hivyo hivyo." Akavuta kamasi. "Kwangu kuna uwanja. Tutalivuta Shangazi mpaka huko, nawe utalitia upepo mpaka uchoke. Nani atakukataza?"

Mzee alimtazama, kisha akacheka. Hakuwa amecheka na mtu siku nyingi. "Wewe umemfuata mama yako," alisema. Ghafla mambo yote yakaonekana yanawezekana, safari, nyumba ya watu, hata uzee wenyewe. Akatamani binti naye asikie. "Ngoja aamke. Utamsikia anavyonitania."

Mkunga alipoamka binti alimwogesha, akamvalisha gauni la bluu, akamchana nywele. Mama alimwita nesi na kumwombea kwa Mungu. Binti akaitikia amina, akaendelea kuchana.

Wakamtoa uani wakamkalisha penye usukani. Mzee alitandika gunia lake, akalala chali, akavisha mpira kwenye nati na kuutumbukiza mwisho wake ndani ya chupa. Alikuwa na kiherehere cha furaha kama kijana anayemleta mchumba nyumbani.

"Kanyaga!"

Pedali ikashuka, ikapanda, ikashuka. Mguu ulikuwa unajua bado. Mzee akaweka spana tayari.

"Nimeshikilia," sauti ilisema kutoka juu. "Fungua, fundi."

Alisikia vizuri. Angetoa chochote asisikie. Mikono ilifungua nati yenyewe, mapovu yakapita, mikono ikakaza.

"Achia," alisema. Akangoja kidogo. "Kanyaga tena, mke wangu."

Pedali haikushuka. Ilikuja sauti kali, ya mwanamke aliyevunjiwa heshima. "Wewe fundi, chunga mdomo wako! Mimi ni mke wa mtu. Bwana Kamba akirudi akakukuta unaniita hivyo, utaziacha spana zako hapa ukimbie miguu peku."

Binti, aliyesimama upande wa pili, aliinama dirishani. "Mama, huyo ndiye—"

Mkono mweusi wa mafuta ulitokeza chini ya gari na kumshika kifundo cha mguu. Mwache, ule mkono ulisema. Binti akageukia ukuta.

Na kweli angesema nini? Kichwani mwa mkewe jina lilikuwapo, mume alikuwapo, ila mzee wa chini ya gari hakuwamo. Machozi ya mtu aliyelala chali huingia masikioni, na mzee aliyaacha yaingie.

"Nisamehe, mama," alisema. "Nimekosea."

"Haya. Fanya kazi."

"Kanyaga, mama."

"Nimeshikilia."

"Achia."

Wakaenda hivyo kwa muda. Sauti ya juu ikaanza kulainika, kama ilivyokuwa ikilainika kwa wanawake aliowazalisha wodini baada ya kuwagombeza.

"Kwa kawaida hatuiti fundi," mkunga alisema. "Tunalitengeneza wenyewe, mimi na yeye. Sijui leo ana nini hata akakuleta wewe."

"Pengine amechelewa kazini."

"Pengine. Hao wapimaji, jua likiwapo hawarudi. Wewe hufoki. Yeye hufoka. Miaka yote namkanyagia breki zake, nikikosea nasikia. Nikipatia, kimya. Si mtu mbaya lakini, usije ukamdhania vibaya. Ndivyo alivyoumbwa."

Mzee aliirudia miaka yote hiyo kichwani, akitafuta japo asubuhi moja ya kujitetea nayo. Alizikuta asubuhi nyingi. Katika zote alikuwa chini ya gari, amekunja uso, akitoa amri, na yule wa juu ameshikilia mpaka mguu unakufa ganzi.

"Unakanyaga vizuri, mama," alisema. Akakohoa. "Sijapata kumwona anayekanyaga vizuri kama wewe."

Huko juu likaja cheko dogo la aibu, la msichana.

"Mwambie na yeye basi, akija. Wewe ni mwanamume mwenzake, atakusikia."

"Nitamwambia."

Walimaliza gurudumu lile wakahamia la pili, na la tatu, na la mwisho, na safari hii mzee hakuacha tone la upepo popote. Kila nati aliikaza kwa nguvu zake zote, akaifunika kwa kifuniko chake cha mpira. Kisha akajitoa chini, akajipangusa vumbi, akasimama penye mlango wa dereva akiwa amevua kofia. Mkewe alimtazama kwa macho ya ukarimu tu.

"Tayari, mama. Limepona. Huyu nesi atakaa nyuma nawe. Tunakwenda kwenye nyumba nzuri, ina watu wengi."

Mkunga alishika usukani kwa mikono yote miwili. "Na wewe?"

"Mimi ndiye nitakayeendesha."

"Hapana, fundi. Usinielewe vibaya, kazi yako nimeiona. Lakini siondoki hapa na mtu nisiyemjua. Akirudi akakuta gari halipo na mimi sipo, atafikiri nini? Atadhani nimemwacha."

"Mama," binti alisema, akamshika bega.

"Mimi namngoja mume wangu," mkunga alisema, mtulivu, kama anayesema jambo linalojulikana na wote.

Mzee alitazama geti, akamtazama mkewe. Akaivuta ile ndoo iliyokuwa imepinduliwa, akaiweka kando ya mlango uliokuwa wazi, akaketi.

"Basi tumngoje wote, mama," alisema.

Mkunga aliitikia kwa kichwa, akamsogezea mguu wake ili apate nafasi, na wote wawili wakaelekeza macho kwenye geti.