Rangi Mikononi mwa Kinyozi

Dobi alipozinduka kutoka kwenye usingizi wa dawa, mumewe, kinyozi, alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda, akimmenyea karanga. Mikono yake ilikuwa ya bluu, viganja na vidole vyote. Dobi aliwaza kwanza lile shati jeupe alilovaa, jinsi litakavyomsumbua kufua.

Daktari aliingia akifuta miwani. Alieleza kwamba alipitisha kamera kitovuni, kisha akasukuma rangi ya bluu ndani ya mji wa mimba, kutafuta kwa nini hashiki mimba. Mirija ya uzazi ikiwa wazi, rangi hutokea upande wa pili. Ya dobi ilikuwa imeziba yote miwili kwa makovu.

"Sasa rangi imeenda wapi?" dobi aliuliza.

"Imetokea kwa mumeo, pale nje kwenye benchi alipokuwa akikusubiri," alisema nesi, akirekebisha dripu. "Tumempa sabuni, wapi!"

Ni heri ilitokea mikononi, maana ingeweza kuchagua kwingine.

"Na makovu ni ya nini, daktari?"

"Mara nyingi ni ugonjwa wa zinaa usiotibiwa. Kisonono, kwa mfano. Mwanamke anaweza kukaa nacho asisikie chochote, huku kinamharibu ndani kwa ndani."

"Mimi nilipona zamani," alisema kinyozi, akipuliza maganda ya karanga. "Nilichomwa sindano mara tu baada ya harusi. Nikapona kabisa."

Dobi alishtuka mpaka kidonda kikamvuta. Mikono ya bluu haikumtisha. Madoa ndiyo kazi yake. Kilichomkata maini ni lile neno, nilipona. Miaka yote ameitwa mgumba mbele ya wageni, amekunywa mizizi michungu ya mama mkwe mpaka akatapika, na huyu bwana yupo tu anatazama, ametulia kama maji mtungini!

"Na mimi je? Hukuona uniambie nami nikachomwe?"

"Ningeanzia wapi, mke wangu?" Akamwekea karanga kiganjani. Zilikuwa na alama za vidole.

Daktari alisema bado kuna njia: yai na mbegu vikutanishwe nje ya mwili, kisha mimba changa irudishwe tumboni. Ila mume naye lazima apimwe.

"Nipimwe nini? Si tatizo limeshaonekana, ni mirija yake?"

Nyumbani, mama mkwe aliitazama ile mikono, akasema, "Pole mwanangu, hospitali imekuchosha," akamnunulia glavu. Majirani aliwaambia kwamba vipimo vimethibitisha, kasoro ni ya mke. Kule kwenye saluni kinyozi hakupenda kufanya kazi na glavu, kwa hiyo wateja walitoka na masikio ya bluu. Walijifuta, na nywele zilipoota walirudi.

Dobi alijaribu limau, magadi, hata dawa ya kung'arishia mashuka. Rangi haikutoka. Naye kinyozi hakwenda kupimwa, na bila yeye ile njia ya daktari ikafa. Kisha akaletwa mke mwenza, binti mcheshi aliyekuja na cherehani yake.

Siku moja wakianika nguo, dobi alimwambia, "Mdogo wangu, mwambie akapimwe. Mimi alinificha ugonjwa, ukanimaliza."

Binti alitazama nguo kwenye kamba. Kila moja ilikuwa na vidole vya bluu.

"Mama ameniambia ni mzio wa sabuni," alisema, "na kwamba wewe una wivu."

Mimba haikuja. Mama mkwe akaanza kuchemsha mizizi tena, kwenye sufuria ileile, na kikombe kikawa kilekile. Ilipochukua muda, aliamua binti naye akapimwe mirija.

Asubuhi ya kipimo, kinyozi alikunywa chai akiwa tayari amevaa glavu. Shati jeupe alilirudisha kabatini, akamwomba dobi ampigie pasi lile la bluu.