Kosa ni la Mjomba

Mjomba akitaka kutusimamisha, hakugonga kitu wala hakupaza sauti. Alikilaza kijiti chake juu ya stendi, taratibu, akaweka kiganja kifuani na kusema, "Samahani jamani, kosa ni langu. Nimewachanganya. Turudi nyuma kidogo." Okestra nzima ilicheka, maana sote tulijua kuwa hajamchanganya mtu. Ni mpiga tarumbeta aliyeingia kabla ya zamu yake, au wale wa fidla za nyuma waliokuwa wanasinzia. Mwenye kosa alijijua. Aliinamisha uso, akajirekebisha kimyakimya, na kwa kuwa hakuumbuliwa mbele za watu, siku hiyo alipiga kuliko kawaida yake.

Hivyo ndivyo alivyotuendesha, nami nilimpenda kwa hilo, sitasema uongo. Jina la Mjomba tulimpa wenyewe kwa sababu alikuwa na tabia za mjomba hasa, yule anayeingia nyumbani siku baba amenuna na nyumba yote ikapata pumzi. Alijua nani ana mgonjwa na mtoto wa nani anafanya mtihani. Akikufundisha, hakukwambia ongeza hiki, punguza kile. Alikwambia jambo la kibinadamu, na mkono ukalielewa kabla ya kichwa. Mpiga besi mmoja, jitu la miraba minne, Mjomba alimwambia siku moja, "Kaka, hapa usitembee na viatu, mama mkwe yuko sebuleni," na besi ile ikanyata hata tukasisimka. Watu walikuja kutoka okestra nyingine kukaa nyuma ya ukumbi, si kusikiliza onyesho, bali mazoezi yake tu. Wakitoka hapo walikuwa wanafuta macho.

Aliyemtangulia alikuwa ametunyoa bila maji. Huyo tulimwita Bwana Radi. Aliwahi kunitupia karatasi za nota mbele ya wote na kuniuliza kama zumari yangu nimeiokota jalalani. Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi na kuipiga ile sauti pale pale ilipotakiwa. Kwa hiyo Mjomba alipokuja na upole wake, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kumsifu. Nilimsifu sokoni, nilimsifu kwa majirani, nilimsifu nyumbani mpaka binti yangu akaniuliza kama nataka kuolewa naye.

Sasa, mpiga zumari katika okestra ana heshima yake ya pekee. Kabla ya mazoezi kuanza, wote hunyamaza, naye hutoa sauti moja, ndefu, iliyonyooka. Wengine wote humfuata. Fidla hukaza nyuzi, besi hulegeza, tarumbeta huvuta bomba lake nje kidogo, mpaka kila mmoja alingane naye. Zumari ikipotea, wote wamepotea. Kazi hiyo niliifanya kila asubuhi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na kusema kweli ilinipa kiburi. Mume alikwenda zake, nywele zikaota mvi, lakini asubuhi ukumbi mzima ulinyamaza kunisubiri mimi.

Msimu huo tulikuwa tunaandaa onyesho kubwa, na katikati ya kipande kikuu palikuwa na sehemu ya zumari peke yake. Ni ndefu, ya huzuni, na nilikuwa nikiitamani tangu uanafunzi. Kama kulikuwa na kitu kimoja nilichokitaka kabla ya kustaafu, ni hicho. Tulipoifikia mara ya kwanza, Mjomba alikilaza kijiti chini na kunitazama kwa lile jicho lake la huruma. "Dada," akasema, "hapa piga kama unaongea kando ya mtoto aliyelala, na hutaki aamke." Kisha akamwomba mpiga filimbi, jirani yangu wa kiti, anisindikize nota kwa nota, ili sauti ipate joto. Msichana huyo tulimwita Bibi Harusi, maana alikuja mazoezini kesho yake baada ya kuolewa, mume kamwacha amelala. Moyoni nilikereka kidogo kusindikizwa. Lakini maneno yale ya mtoto aliyelala yalinikaa, na jioni nilimsimulia binti yangu, nikamwambia, unaona, huyo ndiye fundi.

Binti yangu hakuwa na habari na mafundi. Yeye alikuwa na kero zake: televisheni naifungulia hadi majirani wanagonga ukuta, naitwa siitiki, simu inalia pembeni yangu nimekaa tu. Alinisumbua hata nikakubali kwenda naye kwa daktari wa masikio, ili anyamaze. Nilivalishwa vitu vya kusikilizia, nikaingizwa katika kijumba kisicho na dirisha, nikabonyeza kitufe kila niliposikia kitu. Nilitoka nimejiamini kabisa.

Daktari aliniuliza ninafanya kazi gani. Nilipomwambia, aliweka kalamu mezani. Akanieleza kwamba masikio yangu mawili hayakubaliani. La kushoto linaisikia sauti ilipo. La kulia limeumia, na linaisikia chini kidogo ya ilipo, nami nimezoea kulifuata hilo la kulia. Kwa hiyo nikipiga, napandisha ili nifidie, bila kujua. Alisema ningewahi kuja, kuna dawa wangejaribu. Sasa tatizo limekwisha kukaa.

Nilimcheka usoni. Nikamwambia kila asubuhi ukumbi mzima unanifuata mimi, na hakuna aliyewahi kulalamika. Daktari hakucheka. Alisema basi labda wamepotea wote pamoja nami, na akamgeukia binti yangu kumweleza bei ya vifaa vya kusaidia kusikia.

Njia nzima niliyapima mambo mawili tu: ama daktari amekosea, ama nimeipoteza okestra nzima na hakuna aliyegundua. La kwanza lilinifurahisha, la pili lilinitisha. Kwamba kungekuwa na la tatu, halikunipitia akilini hata kidogo.

Asubuhi iliyofuata nilikaa kwenye kiti changu, nikalowesha tete la zumari mdomoni kama ada. Mjomba alipanda jukwaani, akanisalimia kwa kichwa. Ukumbi ukanyamaza. Nami, kwa makusudi kabisa, nikapiga sauti nyingine. Sikusogea unywele, nilihama nyumba. Nilibana tundu la jirani na kutoa nota ambayo hata mpita njia angejua si yenyewe.

Mpiga fidla wa kwanza aliinua upinde, akasita, akamtazama Mjomba. Mjomba akatikisa kichwa kidogo sana, kumwambia endelea. Basi wakaendelea. Wakainamisha masikio kwenye fidla zao, wakashika vigingi, wakavisokota bila kuvisokota, na sauti yao ikapanda pale pale ilipokuwa imepangwa tangu mwanzo. Sikio langu la kushoto liliwasikia vizuri sana: wao kule, mimi huku, na kati yetu mlio wa kukwaruzana kama sufuria juu ya saruji. Hakuna aliyekunja uso. Mpiga besi aliniinulia kidole gumba.

"Asante, dada," Mjomba akasema. "Tamu kama kawaida. Haya jamani, tuanze."

Nilipiga mazoezi yale hadi mwisho. Sijui nilipiga nini. Walipoanza kufunga vyombo nilimshika Bibi Harusi mkono, nikamvuta hadi korido ya nyuma, nikamuuliza sauti wanaitoa wapi. Hakujifanya haelewi, hilo namshukuru. Alisema wanakutana nusu saa kabla katika chumba cha kuwekea viti, na yeye ndiye anayewapa sauti kwa filimbi, kisha wanaingia ukumbini kunisubiri. Tangu msimu uliopita. Nikamuuliza, wote? Akasema wote, mama. Mjomba aliwaambia kwamba anayenipenda hatanyanyua mdomo. Na ile sehemu yangu ya peke yangu? Hapo alianza kulia. Alisema watakaokuja ukumbini watamsikia yeye, ndiyo maana niliambiwa nipige taratibu.

Mtoto aliyelala alikuwa ni mimi. Na katika korido ile aliyelia ni yeye, na aliyebembeleza ni mimi, nikampa na leso yangu. Nilikuwa nimevishwa kilemba cha ukoka msimu mzima na zaidi, nami nilikuwa nikikinyoosha kila asubuhi kisije kikakaa upande.

Mjomba alikuwa katika chumba chake nyuma ya jukwaa, anamenya chungwa. Akanikaribisha, akanisogezea kiti, akanimegea nusu. Sikuipokea. Niliona kwa jinsi alivyoirudisha juu ya meza kwamba amekwisha jua.

"Asubuhi ulisikia nilichopiga?" nikamuuliza.

"Nilisikia."

"Kilikuwa sawa?"

Akaweka kiganja kifuani. "Kosa ni langu, dada," akasema.

"Hapana. Kosa lilikuwa langu, ukanichukulia. Nirudishie."

Kisha akaanza kueleza, na maelezo yake yalikuwa mazuri, kama kila kitu chake. Alisema alipofika hapa alikuta watu wanaogopa vyombo vyao wenyewe, na akaapa kwamba chini ya mkono wake hakuna atakayelia chooni. Alisema mimi ndiye niliyemshika mkono siku ya kwanza. Alisema alisikia mabadiliko yangu mapema, akangoja nigundue mwenyewe, na kila wiki iliyopita ikawa vigumu zaidi kusema. Angemwambiaje mtu jambo kama hilo?

"Kwa mdomo huohuo unaosema tamu," nikamjibu. "Bwana Radi angenitukana siku ileile, na siku ileile ningekwenda kwa daktari. Palikuwa na dawa, Mjomba. Wewe ulikuwa unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na dawa inapita."

Hilo hakulijua. Nililiona likimwingia. Alilishika lile chungwa kwa mikono miwili na asijue aliweke wapi, na kwa mara ya kwanza nilimwona ni mtu mzee, mwoga, anayetaka kupendwa na kila aingiaye mlangoni. Nilitaka kumhurumia, nikakataa. Huruma imenigharimu ya kutosha.

Nikafungua sanduku langu. Nikaiunga zumari vipande vyake, nikalowesha tete. Nikamwambia nitaipiga ile sehemu yangu, pale pale, naye aniambie ukweli, nota kwa nota, pasipo mtoto wala mama mkwe. Siku za onyesho zilikuwa bado. Kama sikio halinitumikii, labda mdomo na vidole vinaweza kufundishwa mahali pa kusimama, kama kipofu anavyoijua ngazi ya nyumbani kwake. Lakini anahitajika mtu wa kusema ukweli. Alikubali kwa kichwa.

Nikapiga nota ya kwanza. Kiganja chake kikaanza kupanda kifuani.

"Shusha mkono," nikasema.

Akaushusha. "Juu," akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, kavu. Nikalegeza midomo. "Bado juu. Bado. Umepitiliza, rudi. Hapana." Nikapiga tena. "Hapana. Inayofuata ni mbaya zaidi. Anza upya." Jasho lilinitoka hadi mgongoni. Alinisimamisha kila hatua, hakunicheka, hakunisifu, na mara moja aligonga meza. Nami nilifurahi, Mungu ni shahidi wangu, nilifurahi kuliko asubuhi zote za utamu. Yule mtu alikuwa anajua muziki. Alikuwa anasikia kila kitu, na alikuwa anakisikia siku zote.

Sijui tulikaa muda gani. Kwenye meza maganda ya chungwa yalianza kukauka. Midomo ilikuwa inawaka, lakini kuna mahali ilianza kupashika, chini ya pale nilipopazoea, mahali palipoonekana kwangu pa ovyo kabisa, pachafu, pa mtu asiyejua kazi. Nikapashikilia hapo kwa nguvu zote na kuipiga sehemu ile tangu mwanzo hadi mwisho. Hakunikatiza hata mara moja.

Nilipomaliza, macho yake yalikuwa yamelowa.

"Hapo," akasema. "Hapo hapo, dada. Umefika."

Sauti yake haikuwa kavu tena. Nikaitoa zumari mdomoni na kumtazama. Uso ulikuwa uleule wa kila asubuhi, mwema, umenielekea mimi peke yangu.

"Sema tena," nikamwambia.

"Umefika. Kweli tupu."

Nikautazama ule uso kila upande, jicho, mdomo, kiganja kilichotulia gotini, nikitafuta kitu cha kunionyesha tofauti. Kisha nikarudisha tete mdomoni na kuanza tena toka mwanzo, naye akawa ananitikisia kichwa, polepole, anatabasamu.