Mafundo ya Anyesi

Jumatatu, tarehe 9 Juni 1913. Asubuhi ilikuwa ya baridi, na upepo wa kipupwe ulirusha vumbi hadi ndani ya vyungu.

Siku hiyo mama mkwe wangu, mama Loisi, alifika kutoka Mvumi kumchukua mwanangu Lydia, wa miaka mitano. Mke wangu Anyesi tulikuwa tumemzika wiki tatu kabla. Nilimwomba Mungu aniachie mtoto. Mama Loisi alisema mwanamume wa relini hawezi kulisha mtoto. Mwalimu Sila, anayetufundisha kusoma jioni sisi watu wazima, akaamua nipike mchana huo, mama Loisi na Lydia waonje; chakula kikilika, mtoto abaki.

Nilikwenda sokoni na Lydia. Zamani nilimlaumu Anyesi kwa kukawia huko. Sasa nilifanya kama yeye: nikasugua unga wa uwele kiganjani, nikanusa mboga kavu ya mlenda, nikatikisa karanga karibu na sikio. Mwajabu, muuzaji kutoka Kondoa, akaniuliza kama nanunua au nachumbia. Lydia akacheka. Kwa muda ule mfupi huzuni iliniachia, nikamshukuru Mungu kwa ajili ya karanga.

Nyumbani kulikuwa na vibuyu viwili, cha chumvi na cha magadi. Nilipojua herufi niliviandika kwa mkaa, nikajivuna sana. Anyesi hakujua kusoma. Alifunga kamba kwenye shingo za vibuyu, moja yenye fundo moja, nyingine mafundo mawili, akasema vidole vyake vinamtosha.

Mlenda hutaka magadi chembe tu ili ulainike. Nilisoma maandishi yangu, nikatia chumvi ya kutosha na magadi chembe, nikapika. Lydia alitema. Kwetu mkwe hali mbele ya mkwewe, kwa hiyo mama Loisi alinipa mgongo akaonja. Akaniuliza taratibu kama nimepika sabuni.

Nikalamba vya vibuyu vyote viwili. Kumbe niliandika kinyume tangu siku ya kwanza. Miaka miwili Anyesi alipika kwa mafundo yake, huku mimi nikisifu elimu yangu.

Nilipika tena, macho nimefumba, nikipapasa kamba. Safari hii mlenda ulivutika vizuri. Lydia alikula, akalamba bakuli, akatazama mlangoni.

"Mama amerudi?"

Mama Loisi alijifunika uso kwa kanga, kisha akasema mtoto nibaki naye, yeye hana neno tena.

Lakini alfajiri ningekwenda relini, na Lydia angebaki peke yake akitazama mlango ule. Nilisali kimya. Nikafuta mkaa kwenye vibuyu, nikamkabidhi mama Loisi vibuyu na mtoto.

"Mwalimu, na wewe mama, nisikieni mbele za Mungu," nilisema. "Kila mwisho wa mwezi nitafika Mvumi na mlenda wa sokoni, nimpikie mwanangu kwa mikono yangu, mpaka ajue kufunga mafundo haya mwenyewe."